Maji Tohara, Mche Umekauka



Mzee mmoja wa jamaa wa msikiti wetu aliniuliza swali baada ya sala ya Alasiri, na kwa muda wa miezi miwili sikuwa na jibu la kumpa. Alisema: "Katibu, wewe umesoma chuo. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba maji ya bahari ni tohara, mtu aweza kutawadha kwayo na sala yake ikasihi. Basi vipi maji ya kisima chetu, yaliyoingia chumvi kidogo tu, yaue miche 40 ya msikiti?"

Nilimjibu kwa mambo ya fiqhi, kwa kuwa hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Nikamwambia kwamba hukumu ya tohara ni jambo moja na uhai wa mti ni jambo jingine. Bwana Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na msafiri wa baharini aliyechukua maji machache ya kunywa, alimjulisha kuwa maji ya bahari yanatoharisha, hakumwambia ayanywe wala ayamwagilie shamba. Mzee akatikisa kichwa. "Hayo nayajua, mwanangu. Nimeuliza vipi yaue."

Ndugu msomaji, kabla ya kuendelea sina budi kueleza habari ya miche hiyo, kwa sababu haikufa peke yake. Ilikaribia kufa pamoja na ujirani wa watu.

Msikiti wetu uko katika kisiwa kikuu cha Mafia. Baada ya mvua za masika, kamati ilipanda michungwa, milimau na mipapai kuizunguka madrasa, kwa nia ya kupata kivuli kwa watoto na matunda ya kuuza ili posho ya walimu isitegemee sahani ya Ijumaa peke yake. Mwaka huo huo mfadhili mmoja, Allah (S.W.) amlipe kheri, alitununulia pampu ya umeme. Kisima tulichokuwa tukikiteka kwa ndoo na kamba tangu enzi za babu zetu sasa kikawa kinajaza tangi kwa nusu saa, na mabomba yakawekwa katika sehemu ya kutawadhia. Sote tulifurahi, na mimi nikiwa wa mbele.

Ilipoingia kaskazi na jua lake, majani ya michungwa yakaanza kuungua kingo, kisha yakajikunja. Tulizidisha kumwagilia, yakazidi kunyauka. Mimi, kwa kudhani kuwa miche ina njaa, nikanunua mbolea ya chumvichumvi kwa fedha za msikiti na nikainyunyiza kwa mkono wangu. Haikupita wiki, miche mingi ilikuwa imesimama kama vijiti vya mswaki.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Yuko jirani ambaye alikuwa na mvutano na kamati juu ya mpaka wa kiwanja. Mtu akasema amemwona jioni karibu na miche. Mwingine akasema huenda alimwaga kitu. Wa tatu akataja husda. Katika kikao, nami nikiwa katibu, niliandika katika muhtasari kwamba "kuna shaka ya hujuma". Sikuandika jina, lakini nani asiyelijua? Jumatatu iliyofuata watoto watatu wa jirani huyo hawakuja madrasa. Nami ndiye ninayewasomesha watoto wale wale aya ya 12 ya Suratul Hujurat, inayotukataza kufuata dhana.

Tuliendelea katika hali hiyo hadi safari ya Kua.

Kila mwaka, inapowezekana, huwapeleka wanafunzi wakubwa wa madrasa kuona magofu ya Kua, yaliyoko upande wa magharibi wa kisiwa cha Juani. Mtu huvuka kwa mashua kutoka Utende, hukipita kisiwa cha Chole, na maji yakiwa yamekupwa hushuka na kwenda kwa miguu. Wasomaji wa bara wasiojua habari zake nawaambia kwa ufupi: Kua ulikuwa mji wa Kiislamu wenye jumba la ghorofa, nyumba za mawe, makaburi na misikiti kadhaa. Mwanzoni mwa karne ya 19 ulivamiwa na Wasakalava waliotoka Madagaska, au Bukini kama wazee wetu walivyoiita, na haukuinuka tena; utawala wa eneo ukahamia Chole. Leo mibuyu na mizizi ya miti imekumbatia kuta zake. Mtu akisimama katika msikiti usio na paa, akitazama upande wa kibla, hupata mazingatio ambayo hotuba zangu hazijawahi kuyaleta.

Lakini safari hii mazingatio yalitoka ufukweni. Tulipokuwa tukipita kando ya mikoko, binti mmoja alichuma jani la mchu, akalilamba, kisha akapiga kelele: "Ustadhi, jani lina chumvi!" Wenzake wote wakaanza kulamba majani. Mmoja akalamba la mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya kaa, akasema hili halina kitu. Mwalimu wa biolojia wa sekondari, aliyefuatana nasi, akacheka, akatukalisha chini ya kivuli cha ukuta, na somo la historia likageuka kuwa somo la maji.

Nitajitahidi kulieleza kama nilivyolifahamu.

Kila mmea umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila chumba kina ukuta mgumu kwa nje, na ndani ya ukuta kuna utando mwembamba uliofunga maji yaliyochanganyika na sukari, chumvi na vitu vinginevyo. Utando huo unapitisha maji kwa wepesi, lakini chumvi na sukari huzizuia. Sasa, maji yaliyo peke yake yako huru kwenda popote. Maji yaliyobeba chumvi au sukari yameshughulishwa, uhuru wake umepungua. Basi palipo na utando katikati, maji huhama kutoka upande yaliko huru zaidi kwenda upande yaliko na uhuru mdogo. Kuhama huku ndiko kunakoitwa osmosisi. Udongo ukiwa na maji baridi, maji huingia katika seli za mzizi, seli hujaa na kuusukuma ukuta wake, na mche husimama imara kama mpira uliojazwa upepo. Maji yakitoka, seli hulegea, nasi husema mche umenyauka.

Wataalamu wamekiwekea kipimo kile nilichokiita uhuru wa maji, na hapo ndipo wanafunzi wengi huchanganyikiwa, kwa sababu kipimo hicho huanzia sifuri na kushuka. Maji safi kabisa ni sifuri. Kila kinachoyeyushwa ndani yake huyashusha chini ya sifuri. Mwalimu alitupa mfano wa kisima: hesabu sifuri ni mdomo wa kisima, na tarakimu zote ni kina. Maji hutiririka kuelekea palipo na kina zaidi. Mzizi utayavuta maji ya udongo iwapo tu kina chake kinazidi kina cha udongo.

Tukauliza, bahari ina kina gani kwa kipimo hicho? Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, nayo huyashusha hadi kama 25, tukihesabu kwa msukumo wa hewa ya kawaida inayotuzunguka. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa kiasi cha mara 2 ya msukumo huo, kwa hiyo msomaji apige hesabu mwenyewe. Mimea mingi ya shambani hushindwa udongo unapofika kama 15. Hapo hunyauka isirudi hata ukiufunika usiku kucha. Mchungwa uliopandwa penye maji ya bahari unazungukwa na maji huku ukifa kwa kiu. Na zaidi ya hayo, seli zake zenyewe huanza kunyang'anywa yale machache yaliyomo.

Jambo hili si geni majikoni kwetu. Akina mama wanajua kwamba vitunguu vya kachumbari vikitiwa chumvi hutoa maji, na kwamba samaki wa ng'onda hukauka kwa chumvi kabla hata jua halijamaliza kazi yake. Kinyume chake ni zabibu kavu. Zilowekwe usiku katika maji baridi, asubuhi zimevimba, kwa sababu sukari iliyo ndani yake imeyavuta maji kupitia ganda. Kinywaji cha zabibu au tende zilizolowekwa kilikuwa miongoni mwa vinywaji vya Bwana Mtume (S.A.W.). Mfaransa mmoja, Jean-Antoine Nollet, aliyekuwa kasisi, alilichunguza jambo hili mwaka 1748 kwa kutumia kileo na kibofu cha nguruwe, vitu viwili ambavyo nyumbani kwetu hatuvihitaji, zabibu zinatosha. Mzazi anayetaka kuwaonyesha watoto akate vipande viwili vya mbatata, kimoja akitie katika maji matupu, kingine katika maji yenye vijiko vitatu vya chumvi. Baada ya saa chache cha kwanza kitakuwa kigumu kama ubao, cha pili kitapindika kama kamba.

Hapa niseme neno kwa wazazi, ingawa linanitoa kidogo njiani. Mwili wa mtoto nao unafuata sheria hiyo hiyo. Mtoto anapoharisha, zile pakiti za dawa ya maji ya chumvi na sukari huokoa kwa sababu sukari husaidia chumvi kuingia katika utumbo, na maji hufuata nyuma yake. Lakini kipimo ni lazima kilindwe. Pakiti ichanganywe na kiasi kamili cha maji kilichoandikwa juu yake. Kama pakiti haipo, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku mtoto akipelekwa zahanati. Anayeongeza chumvi kwa kudhani anaongeza dawa humvuta mtoto maji aliyobaki nayo. Mimi niliyeongeza mbolea nimeona kwa macho yangu matokeo ya fikra ya namna hiyo, na namshukuru Allah kwamba ilikuwa michungwa.

Kwa kuwa ndivyo nilivyofanya. Mbolea ile nayo ni chumvi, kama watu wetu walivyoiita kwa usahihi kabisa, na nilikuwa nikiushusha udongo chini zaidi mbali na uwezo wa mizizi.

Turudi kwenye mikoko. Itakuwaje mti usimame ndani ya bahari ukanawiri? Majani ya binti yule yalikuwa yametoa jibu. Mchu huingiza chumvi kiasi kisha huitoa jasho kwa vinyweleo maalumu vya majani. Ndiyo iliyokuwa ikilambwa. Mkoko huizuia mlangoni: mizizi yake huchuja sehemu kubwa mno ya chumvi, na maji yanayopanda katika shina ni karibu na maji baridi. Lakini ili kuyavuta maji kutoka baharini sharti mti uwe na kina kuliko bahari. Per Scholander na wenzake, katika utafiti waliouchapisha Marekani mwaka 1965, walikifungia kitawi ndani ya chombo cha chuma, wakakisukuma kwa gesi hadi utomvu ukachomoza kwenye mkato, na hivyo wakajua mti ulikuwa ukiyavuta maji kwa nguvu gani. Kwa miti ya mikoko walipata baina ya 35 na 60. Yaani mti ule ulio kimya pale ufukweni unaishinda bahari mchana wote, bila mashine wala umeme. Subhanallah. Gharama yake ni kwamba hutumia maji kwa uchache mkubwa, na hukua polepole. Ndiyo maana boriti yake ni ngumu. Boriti hizo za mikoko ndizo zilizobeba sakafu na dari za nyumba za mawe za pwani yetu, na zilisafirishwa kwa majahazi kutoka Rufiji hadi Uarabuni na Ghuba. Hata ule wembamba wa vyumba vya kale, ambao watoto huushangaa wafikapo Kua, unatokana na urefu wa boriti.

Nilimwuliza mwalimu swali lililobaki. Kisima chetu si bahari. Watu wanakunywa maji yake, ingawa wanakunja uso. Hayakufika hata karibu na 25. Vipi basi?

Akaniuliza: "Mlikuwa mkimwagilia wakati gani?" Nikasema adhuhuri, vijana wanapotoka sala. "Na kisima kilianza kuingia chumvi lini?" Nikanyamaza.

Visiwa kama vyetu, maji baridi ya mvua yaliyozama ardhini huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi. Hesabu ya kawaida ni kwamba kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari kuna kama mita 40 chini yake. Inasikika kuwa ni akiba kubwa, lakini hesabu hiyo inakata pande zote mbili: ukiyashusha maji ya juu kwa mita 1, chumvi nayo ina nafasi ya kupanda mita 40. Ndoo na kamba huchota kidogo, kisima kikapumzika. Pampu hunyonya kwa nguvu mahali pamoja, na chumvi hupanda chini ya kisima mfano wa kichuguu. Kisha maji yale yenye chumvi kidogo tulikuwa tukiyamwaga juu ya udongo wa jua kali. Maji yalipaa, chumvi ikabaki. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Kile tulichokuwa tukikiona juu ya udongo, kijeupe kama majivu, ambacho mmoja wetu alikishika na kusema ndicho kilichomwagwa na jirani, kilikuwa chumvi ya kisima chetu wenyewe. Chumvi nyingine ilipanda hadi majanini na kuunguza kingo.

Wapo ndugu watakaotaka niseme hapa kwamba aya ya 53 ya Suratul Furqan, inayotaja maji mawili, matamu na ya chumvi, na kizuizi kilichowekwa baina yake, ndiyo osmosisi yenyewe, au ndiyo hayo maji yanayoelea chini ya kisiwa. Sitasema hivyo. Aya ni ya Mola, na fikra za wanasayansi hubadilika. Kuifunga aya kwenye kitabu cha kidato cha tatu si kuitukuza. Lakini anayesimama Mafia wakati wa mvua akayaona maji mekundu ya Rufiji yakisogea baharini, kisha akaisoma aya hiyo, hana haja ya mimi kumwongezea.

Kwa upande wa maji ya kutawadhia, hapo nina la kusema, kwani ni kazi yangu. Imesihi katika Hadithi kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo wanazuoni huikadiria kwa ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kati na kati, chini ya lita moja. Misikiti ya kale ya pwani ilikuwa na mabirika, watu wakichota kwa kata. Niliporudi kutoka Kua nilitega ndoo chini ya bomba letu, kijana mmoja akatawadha juu yake bila kujua nia yangu. Zilipatikana lita 6 na kidogo. Nikazidisha kwa idadi ya watu wa Ijumaa, nikaelewa ni nani aliyekuwa akikipandisha kile kichuguu.

Katika kikao kilichofuata nilisoma mahesabu haya yote. Halafu nikaomba kauli ya "shaka ya hujuma" ifutwe katika muhtasari na iandikwe kwamba miche iliuawa na maji ya kamati na mbolea ya katibu. Mjumbe mmoja alisema si lazima kuandika wazi namna hiyo. Nikamwambia kuwa ile ya kwanza niliiandika wazi.

Tulikwenda watu watatu nyumbani kwa jirani baada ya sala ya Isha. Alitupokea kwa kahawa, akatusikiliza hadi mwisho bila kutia neno, kisha akasema kwamba ile jioni aliyoonekana alikuwa amekwenda kumwagilia, kwa sababu aliona mche ulio karibu na ukuta wake umelegea. Alitumia maji ya tangi lake la mvua. Tulipokagua tukakuta mche huo, mlimau, ndio pekee wenye majani mabichi upande ule. Watoto wake wawili wamerejea madrasa. Mkubwa bado hajarudi, na baba yake ametuomba tusimharakishe.

Pampu sasa inawashwa kwa dakika chache asubuhi na jioni, kisima kikipewa muda wa kupumzika. Mabomba yamepunguzwa nguvu, na birika dogo limejengwa kwa wanaopenda kata. Paa la madrasa limewekewa mifereji ya kuvunia mvua. Udongo tumeuacha upigwe na masika ili maji ya mvua yaioshe chumvi na kuishusha chini, na safari hii tumeanza na minazi pembezoni, kwa kuwa inastahimili zaidi.

Nilimpelekea mzee jibu lake, nikamweleza kwa mfano wa kisima na kina chake. Alisikiliza vizuri. Kisha akautazama mnazi mmoja mrefu ulio karibu na pwani, akasema: "Sasa huo umesimama mchangani, bahari inaupiga kila siku, na dafu lake ni tamu. Na huo vipi?"

Swali hilo nimelipeleka kwa mwalimu.